Kutafuta Lebo ya Muziki wa Injili Ukiwa Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamlenga mwimbaji, kundi la sifa au kwaya ya kanisa iliyoko Nairobi ambayo tayari ina nyimbo zake na sasa inatafuta kampuni ya kuzirekodi, kuzisambaza na kuzisimamia. Nimekuwa katibu wa kwaya upande wa Eastlands kwa miaka mingi, na maswali mengi yaliyo hapa nimeulizwa nje ya mlango wa kanisa baada ya ibada, mara nyingine na mtu ambaye tayari ameshika karatasi ya mkataba na kalamu.

Lebo ni nini hasa, na inatofautianaje na studio?

Hapa Nairobi neno lebo limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Prodyuza mwenye kompyuta, maikrofoni moja na magodoro yaliyopigiliwa ukutani ili kuzuia mwangwi hujiita lebo. Mwenye duka aliyewahi kuuza kaseti na baadaye sidi hujiita lebo. Hata meneja anayemtafutia mwimbaji mialiko hujiita hivyo. Kampuni inayostahili jina hilo hugharimia kurekodi, humiliki au hukodi ile rekodi asilia ambayo watu wa kazi huiita masta, huisambaza na kuitangaza, kisha hugawana mapato na mwimbaji kwa kiwango kilichoandikwa. Studio hulipwa kwa saa au kwa wimbo, na ikishalipwa haina dai lingine. Msambazaji huipeleka rekodi kwenye majukwaa ya kusikiliza na kukata sehemu yake. Meneja hukuwakilisha wewe, si rekodi.

Njia ya haraka ya kuwatofautisha ni kutazama pesa inatoka mfuko upi. Anayekutoza ili akurekodi ni studio, hata kama bango la mlangoni linasema vingine, na hakuna ubaya wowote katika hilo mradi asidai pia umiliki wa masta.

Je, Nairobi kuna lebo zinazoshughulikia injili peke yake?

Zipo, lakini ni chache, nyingi ni ndogo, na kwa kawaida zimejengwa juu ya mtu mmoja. Kijiji Records, kwa mfano, ilifahamika kupitia mtayarishaji wake R Kay, na EMB Records iliasisiwa na Bahati wakati alipokuwa mwimbaji wa injili, kabla yeye mwenyewe hajaingia katika muziki wa kidunia. Mfano huu wa pili nautaja bila nia ya kumhukumu mtu, kwa sababu unaibua swali ambalo msanii wa injili anapaswa kuliuliza mapema: mwenye lebo akibadili mwelekeo, nyimbo zangu zitabaki kwenye jina gani, na je, nitakuwa huru kuondoka?

Kampuni kubwa za kimataifa nazo zimewahi kutazama upande huu. Sony Music ilitangaza mwaka 2011 kwamba imeingia mkataba na Rose Muhando wa Tanzania, jambo ambalo wakati huo lilizungumzwa sana kwa kuwa mikataba ya aina hiyo ilikuwa adimu kwa mwimbaji wa injili wa Afrika Mashariki. Hata hivyo, ni vyema kukumbuka kwamba alikuwa tayari na jina kubwa, na kaseti zake zilikuwa zikichezwa kwenye matatu na sokoni kabla ya kampuni hiyo kumfikia.

Nje ya Kenya, ni lebo zipi zilizojikita katika injili?

Nchini Nigeria, EeZee Conceptz imesimamia waimbaji ambao sasa wanaimbwa hadi katika makanisa ya Nairobi, wakiwamo Mercy Chinwo na Judikay. Afrika Kusini ina soko pana la injili. Joyous Celebration, iliyoanza mwaka 1994, ni kwaya inayojulikana barani kote, lakini ni kundi la waimbaji na si lebo, na wanaotuma kwake nyimbo zao za majaribio kwa kudhani ni kampuni ya kurekodi wanapoteza muda wao.

Marekani ndiko kwenye orodha ndefu zaidi. Word ilianzishwa mwaka 1951 huko Waco, Texas. Malaco, yenye makao yake Jackson katika jimbo la Mississippi, ina hazina kubwa ya injili ya Wamarekani Weusi, na mwaka 1986 ilinunua hazina ya injili ya Savoy, kampuni kongwe iliyoanzia Newark katika miaka ya 1940. Integrity Music, iliyoanza mwaka 1987 huko Mobile, Alabama, imejikita katika nyimbo za kuabudu. RCA Inspiration iko chini ya Sony, huku Motown Gospel na Capitol Christian Music Group zikiwa chini ya Universal. Msomaji wa hapa atambue kwamba huko soko limegawanyika: injili yenye asili ya makanisa ya Weusi ina lebo zake, na muziki wa Kikristo wa kisasa wenye magitaa na mtindo wa pop una lebo nyingine, hata pale zote mbili zinapomilikiwa na kampuni moja mama. Mwimbaji wa Kariobangi anayeimba kwa mtindo wa rumba ya Kikongo hana nafasi ya wazi katika upande wowote kati ya hizo mbili, na hilo halina uhusiano na ubora wake.

Aidha, kampuni kubwa kwa kawaida hazisikilizi kazi zinazotumwa na mtu zisiyemjua. Kazi hupitia kwa meneja, wakili au msaka vipaji. Lebo changa ndizo zenye masikio wazi: Kirk Franklin alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1993 chini ya GospoCentric, kampuni ambayo wakati huo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

Nitaipataje lebo inayolingana na muziki wangu?

Anza na nyimbo, usianze na majina ya kampuni. Andika waimbaji kumi ambao mtu akiwasikia atakukumbuka wewe, kwa lugha wanayoimba, kwa mdundo wao na kwa ukubwa wao. Ukiweka majina makubwa tupu utakuwa unajidanganya. Kisha fungua albamu au wimbo wa kila mmoja kwenye Spotify na ushuke hadi chini kabisa ya ukurasa. Utaona herufi P ndani ya duara dogo, mwaka, halafu jina. Jina hilo ni la mwenye rekodi. Likiwa ni jina la mwimbaji mwenyewe, umejua kwamba anajisimamia. Likiwa la kampuni, umepata lebo ya kwanza katika orodha yako.

Kwenye YouTube fanya vivyo hivyo kwa njia nyingine. Tafuta wimbo uliopandishwa na mtandao wenyewe, ule wenye picha ya kava isiyosogea badala ya video, na usome maelezo yaliyo chini yake: mstari wa kwanza humtaja msambazaji aliyeupeleka, na chini zaidi utaiona tena ile P na mwenye masta. Nilipofanya hivi na vijana wetu wa kwaya jioni moja, kwa simu moja iliyopasuka kioo, tuligundua kwamba waimbaji wengi tuliodhani wana lebo hawana. Wana msambazaji tu. Ugunduzi huo ulibadilisha kabisa kile tulichokuwa tunakitafuta.

Baada ya hapo ipime kila kampuni iliyobaki. Je, ina waimbaji zaidi ya mmoja ambao si ndugu wa mwenye kampuni? Ilitoa kazi mpya lini mara ya mwisho? Waimbaji wake wana wimbo wa pili na wa tatu, au kila mmoja alitoa mmoja na kunyamaza? Orodha za walioteuliwa katika tuzo za Groove za muziki wa injili, zilizoanza mwaka 2004, zinasaidia kujua nani alikuwa wapi na mwaka gani. Zaidi ya yote, mtafute mwimbaji aliyeondoka katika lebo hiyo na umuombe dakika kumi kwa heshima. Aliye ndani atakusifia nyumba, na aliyetoka atakuonyesha mlango ulikuwa mpana kiasi gani.

Watangazaji wa vipindi vya injili na mafundi wa sauti wa makanisa makubwa nao wanajua mengi, kwa sababu kazi za kila lebo hupita mikononi mwao.

Nitahakikishaje kwamba kampuni hiyo ipo kisheria?

Kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Idara ya Usajili wa Biashara hutoa taarifa za kampuni zilizosajiliwa. Kwa kampuni yenye dhima ya kikomo, omba hati ya CR12, ambayo hutaja wakurugenzi na wenye hisa. Linganisha majina hayo na la mtu unayezungumza naye. Ikiwa ni jina la biashara tu, basi unaingia mkataba na mtu binafsi aliye nyuma ya jina hilo, na unapaswa kumjua kwa jina lake kamili.

Nitume nini ninapoiandikia lebo?

Nyimbo mbili zinatosha, tatu zikizidi. Tuma kiungo cha kusikiliza badala ya kuambatisha mafaili mazito, na uwe na rekodi ya ubora wa juu tayari iwapo itaombwa. Andika aya moja kuhusu wewe ni nani, unahudumu wapi na umefanya nini katika mwaka uliopita. Ushuhuda wa wokovu, japo una mahali pake, usiwe kurasa tatu.

Jambo linalowakwamisha wengi ni umiliki wa kile wanachotuma. Ikiwa biti, yaani mdundo uliotengenezwa tayari, ulikodi mtandaoni, soma leseni yake, kwa maana leseni nyingi za bei nafuu zina ukomo wa mara ambazo wimbo unaweza kuchezwa au kuuzwa, na yule aliyekukodishia amewakodishia wengine pia. Ikiwa umerekodi upya wimbo wa kitabuni, tofautisha tabaka zake. Nchini Kenya hakimiliki ya maneno na muziki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mashairi ya Fanny Crosby, mtunzi wa tenzi wa Marekani aliyefariki mwaka 1915, yako huru. Lakini huenda tafsiri ya Kiswahili au mpangilio wa sauti unaoutumia ni kazi ya mtu mwingine aliyefariki miaka ya karibuni, na kazi hiyo bado ina mwenyewe.

Mapambio ndiyo yenye utata zaidi. Pambio linaloimbwa kuanzia Kibera hadi Kakamega bila yeyote kujua aliyelitunga haliwi lako kwa sababu wewe ndiwe wa kwanza kuliingiza studio. Unaweza kumiliki rekodi uliyoifanya. Kuandika jina lako kama mtunzi ni jambo lingine, na siku mtunzi atakapojitokeza lebo itakuelekeza kwenye kifungu ulichosaini kikisema kwamba kazi yote ni yako.

Je, ni kawaida kulipa ili usajiliwe na lebo?

Hapana.

Ni vifungu gani vya mkataba vinavyohitaji kusomwa kwa makini?

Kwanza, umiliki wa masta. Kuna tofauti kubwa kati ya kuikabidhi masta moja kwa moja na kuikodisha kwa muda, tuseme miaka mitano, kisha ikarudi kwako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inataka uhamisho wa hakimiliki uwe kwa maandishi na usainiwe na anayeitoa. Kwa hiyo lebo inayodai kwamba ulikubali kwa mdomo haina mguu wa kusimamia, na wewe uliyesaini bila kusoma huna pia.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Kwaya yetu ilirekodi kaseti na mwenye duka mmoja katikati ya jiji katika miaka ya 2000. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, uliochapwa upande mmoja, na malipo yetu yalikuwa kaseti 200 zilizofungwa kwenye mifuko ya nailoni, tukauze wenyewe. Tuliziuza mpaka harusini. Miaka mingi baadaye mwanakwaya mmoja alipandisha video ya wimbo ule ule kwenye YouTube, na ndani ya siku chache video ikadaiwa na akaunti tusiyoijua. Tulipoutoa mkataba kutoka kwenye faili la kanisa, tukakuta maneno mawili ambayo hakuna kati yetu aliyeyatilia maanani siku ile: «haki zote». Hata muda haukutajwa.

Pili, kurudishwa kwa gharama. Tuchukue mfano wa kubuni. Lebo imetumia shilingi 300,000 kwa studio, video na matangazo, na mkataba unakupa asilimia 30 ya mapato. Wimbo umeingiza shilingi 500,000. Ikiwa gharama zinakatwa kwanza katika mapato yote, zinabaki 200,000, na fungu lako ni 60,000. Ikiwa gharama zinakatwa katika fungu lako peke yake, asilimia 30 yako ni 150,000, inamezwa yote, na bado vitabu vinaonyesha unadaiwa 150,000 nyingine, ilhali lebo imeshaweka mfukoni 350,000 zake. Asilimia ni ile ile, na tofauti yote imefichwa katika sentensi moja. Uliza pia ni nani anayeidhinisha gharama, na kama utaonyeshwa risiti.

Tatu, muda na hiari ya kuuongeza. Mkataba wa mwaka mmoja wenye haki ya lebo kuongeza mara nne kwa uamuzi wake pekee ni mkataba wa miaka mitano.

Nne, miito ya Skiza, yaani nyimbo anazosikia anayekupigia simu, ambayo kwa waimbaji wengi wa injili wa Kenya imekuwa chanzo cha mapato kinachoonekana. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki yanampa mwenye haki asilimia 52 ya mapato ya miito ya aina hii. Ona kwamba sheria inamtaja mwenye haki. Ukiwa umemkabidhi mwingine haki hiyo, asilimia hizo 52 zinaanzia kwake.

Tano ni kifungu ambacho wanasheria wa muziki wa kidunia hawakijui vizuri: sadaka. Mwimbaji wa injili akialikwa kanisani mara nyingi halipwi kwa mkataba. Hupewa bahasha, au watu hupita mbele wakimtuza wakati anaimba. Ikiwa mkataba unasema lebo itachukua asilimia fulani ya «mapato yote ya maonyesho», je, bahasha imo? Ibada ya nyumbani kwao imo? Iandikwe wazi. Nimeona undugu wa kiroho wa miaka mingi ukivunjika kwa sababu ya bahasha moja ya harambee.

Mwisho kuna kifungu cha maadili, ambacho lebo nyingi za injili hukiweka, kikiiruhusu kampuni kuvunja mkataba mwimbaji akipatikana na kashfa. Si kifungu kibaya kwa asili yake. Ila kieleze nani anaamua kwamba kashfa imetokea, na kisiiache lebo ikimfukuza mtu huku ikiendelea kumiliki nyimbo zake zote bila kumlipa.

Kwaya ya kanisa inaweza kuingia mkataba? Nani anasaini?

Kwaya isiyosajiliwa popote haina nafsi ya kisheria, kwa hiyo anayesaini anajifunga mwenyewe au, mbaya zaidi, anajifunga na kuwafunga wenzake bila idhini. Baadhi ya kwaya hujisajili kama kundi la kijamii chini ya sheria ya usajili wa makundi ya mwaka 2022, nyingine husimama chini ya wadhamini wa kanisa. Lolote litakalochaguliwa, kuwe na kumbukumbu za mkutano zinazoonyesha wanakwaya walikubali, na orodha ya sauti zilizoimba siku ya kurekodi. Kila mwimbaji ana haki zake kama mtumbuizaji, na wanakwaya huhama, huoa, huolewa na huenda Ughaibuni. Orodha iliyoandikwa siku ile ni rahisi kuliko kuikumbuka baada ya miaka minane.

Nikishapata lebo, bado nahitaji kujisajili na KECOBO na vyama vya mirabaha?

Hakimiliki huanza kazi inapotungwa na kurekodiwa, bila usajili wowote. Usajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni ushahidi unaosaidia mgogoro unapozuka, na ni busara kuufanya kabla ya kutuma nyimbo popote. Vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya nyimbo, ni suala tofauti: MCSK imekuwa ya watunzi na wachapishaji wa muziki, KAMP ya wenye rekodi, na PRISK ya watumbuizaji. Aliyetunga, akagharimia na kuimba mwenyewe anahusika katika makundi yote matatu. Ukiikabidhi lebo masta, lile fungu la mwenye rekodi linaenda kwake. Vyama hivi hufanya kazi kwa leseni ya KECOBO, na leseni imewahi kuleta mvutano, kama mwaka 2017 ambapo MCSK ilinyimwa na chama kingine kikapewa, kwa hiyo hakikisha chama kina leseni mwaka huo kabla ya kujaza fomu.

Je, siwezi kufanya kazi bila lebo kabisa?

Unaweza, na kwa mwimbaji anayeanza mara nyingi ndiyo njia ninayoipendekeza. Spotify ilifunguliwa nchini Kenya Februari 2021, na Mdundo, jukwaa jingine la muziki, ilizaliwa hapa hapa Nairobi. Wasambazaji kama DistroKid hutoza ada ya kila mwaka, ilhali CD Baby hutoza mara moja kwa kila kazi. Yule wa ada ya mwaka anakufaa ukitoa nyimbo nyingi, na huyu mwingine ukitoa moja baada ya muda mrefu, hasa ukihofia kwamba ada isipolipwa nyimbo zitaondolewa. Kinachokosekana ni mtaji wa video na matangazo, na mtu wa kukupigia debe redioni. Ukiweza kupata mambo hayo kwa kanisa lako, marafiki na prodyuza anayelipwa kazi yake na kuondoka, utaingia katika mazungumzo na lebo baadaye ukiwa na masta zako mkononi.

Nimeiandikia lebo na haijanijibu. Ningoje muda gani?

Ngoja wiki nne, kisha kumbusha mara moja kwa barua pepe ile ile, kwa sentensi mbili. Usiende ofisini bila miadi, na usimtumie mwenye lebo ujumbe wa WhatsApp saa tano usiku ukimweleza kwamba umeoteshwa kufanya naye kazi. Wiki nne nyingine zikipita kimya, nenda kwa jina linalofuata katika orodha.